Bogenvilia ya Mama Bluu

Mama Bluu alikuwa dobi, na alikuwa na kinyaa kuliko mtu yeyote mtaani. Watu walishangaa mambo hayo mawili yamekaaje ndani ya mwili mmoja. Mtu asiyeweza kunywea kikombe alichoshika mgeni, anayehama kiti akisikia mwenzake anavuta kamasi, ndiye huyohuyo aliyekuwa akichambua mashuka ya nyumba za wageni kila asubuhi, akijua bila kuambiwa nani alikula kitandani, nani aliumwa tumbo, na nani hakulala peke yake.

"Ndiyo maana nafua," alikuwa akijibu. "Uchafu unanikera. Usingenikera si ningeuacha hapohapo?"

Jina alilipata kwa ile bluu ya unga anayotia kwenye maji ya mwisho ili nguo nyeupe zing'ae. Ilikuwa imemkolea kwenye kucha, na hata akienda harusini vidole vyake vilimtangulia kumtambulisha.

Kazi yote aliifanyia nyumbani. Uani kulikuwa na karo la saruji, mapipa ya maji, kamba za kuanikia zilizopishana kuanzia ukuta mmoja hadi mwingine, na kichumba cha pasi chenye meza iliyofunikwa blanketi kuukuu. Vyumba vya mbele alikaa yeye na mumewe, vya nyuma walikaa wapangaji. Choo kilikuwa kimoja, mwisho kabisa wa ua, cha watu wote, na kila saa kilikuwa na mtu.

Mumewe aliitwa Bwana Afya, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi aliyoifanya hadi alipostaafu. Alikuwa akiingia jikoni mwa hoteli bila hodi, anafunua masufuria, ananusa, anapitisha kidole chini ya meza za mabucha, na asiporidhika anafunga mlango na kuondoka na ufunguo. Wenye hoteli walimchukia. Mama Bluu alimpendea hilohilo. Alipomwona mara ya kwanza, ujanani, kijana yule alikuwa bombani ananawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, halafu akaliosha na bomba lenyewe kabla ya kulifunga. Mama Bluu akasema moyoni: huyu wangu.

Sasa shida ilikuwa ukuta. Nyumba yao ilikuwa ya pembeni, na ubavu wake mmoja ulipakana na uchochoro uliotoka kwenye vilabu vya pombe kuelekea stendi. Kila mwanaume aliyepita pale, awe amelewa au hajalewa, alifika kwenye ukuta ule akakumbuka kwamba ana kibofu. Plasta ya chini ilikuwa imebabuka na kuota ukungu wa kijani. Ardhi haikukauka hata kiangazi. Ilikuwa na tope lake la peke yake, lenye povu la manjano, na inzi wakubwa waliokuwa wamenenepa hadi wanashindwa kuruka. Jua likipanda, harufu nayo inapanda, inavuka ukuta, inatulia kwenye mashuka yaliyoanikwa upande wa pili.

Siku msimamizi wa nyumba ya wageni alipomrudishia furushi zima, Mama Bluu alitamani ardhi immeze.

"Mama, usinielewe vibaya," yule msimamizi alisema, akilishika furushi kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. "Nguo ni nyeupe, sina neno. Lakini zinanuka mkojo."

Hakuna tusi ambalo lingemwingia kuliko hilo. Alizifua upya zote huku analia, halafu akaenda kusimama uchochoroni, mikono kiunoni, akautukana ukuta mzima kuanzia juu hadi chini.

Walijaribu kila kitu. Bwana Afya mwenyewe alichukua brashi na rangi nyekundu akaandika kwa herufi za kiofisi: NI MARUFUKU KUKOJOA HAPA. Wakaja watu wakawa wanalenga herufi. Wakamwaga oili chafu ya gari, wakamwaga majivu, wakaweka vigae vya chupa. Kinyozi aliyekuwa na kibanda upande wa pili wa uchochoro alicheka hadi akakata ndevu za mteja upande.

"Mama Bluu, hapo bado kioo tu, wakimaliza wachane nywele."

"Cheka. Ungekuwa wako ungecheka?"

"Haya, basi nikupe akili," kinyozi akasema. "Panda bogenvilia. Ile yenye miiba. Mwanaume anaweza kufanya masihara na kila kitu, lakini pale alipopashika hataki mwiba usogee."

Mama Bluu hakucheka, ila maneno yalimwingia. Kesho yake alikwenda kwa mwanamke anayeuza miche kando ya barabara akanunua mche wenye maua ya waridi yaliyokolea, akauchimbia shimo palepale chini ya ukuta, uchochoroni. Kwa muda ulichipua. Halafu kingo za majani zikaanza kuwa kahawia kama karatasi iliyounguzwa na pasi, majani yakapukutika, kikabaki kijiti. Alidhani ni ugonjwa. Akainama akachukua udongo wa shinani na kuunusa. Alitapika hapohapo, mbele ya kinyozi na wateja wake. Walikuwa wanaumwagilia kila siku, wote, kwa zamu.

Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye alitukana wiki nzima, halafu akarudi kwa yule mwanamke wa miche. Safari hii alipewa vipande vya tawi gumu, vyenye unene wa penseli, akaambiwa avichomeke kwenye mchanga mahali pasipo na jua kali hadi vitoe mizizi. Akaviweka kwenye makopo chini ya meza ya pasi. Vingine vilioza vikawa laini kama utumbo, akavitupa kwa koleo. Vilivyoshika alichagua kimoja chenye nguvu, akakipanda ndani ya ua, upande wake yeye, kwenye pipa lililokatwa na kutobolewa matundu chini. Mizizi ingekaa kwake, miiba ingeenda kwao.

Kumbe kulea mmea kuna uchafu wake. Udongo ulitaka samadi, na samadi ililetwa bado ina unyevu, na ndani mna mafunza meupe yanajinyonganyonga. Aliichanganya kwa mikono iliyovikwa mifuko ya plastiki hadi kwenye viwiko, khanga imefungwa puani, uso ameugeuzia pembeni kama anayeogesha maiti ya adui. Machipukizi mapya yakaingiwa na vidukari, vijidudu vya kijani vilivyoganda msongamano hadi shina halionekani, na chini yao utomvu unaonata. Alivifuta kimoja kimoja kwa kitambaa cha maji ya sabuni, vikawa vinapasuka chini ya vidole, majimaji ya kijani yanaingia kwenye kucha zake za bluu. "Tobaa," alikuwa akisema kila kikipasuka. "Tobaa. Tobaa."

Lakini hakuacha. Alijifunza kwamba mmea ule haupendi kudekezwa. Ukiumwagilia kila siku unakupa majani matupu. Ukiuacha ukione kiu kidogo, ndipo unatoa rangi. Maji ya kufulia aliuepusha nayo, maana sabuni nyingi ingeuua. Alipigilia misumari ukutani, akavuta waya, akawa anayafunga matawi kwa vipande vya mashuka yaliyochakaa, akiyaelekeza juu, juu, hadi yakavuka ukuta na kumwagikia uchochoroni kama nywele za mwanamke aliyeinama kuziosha. Akagundua pia kwamba kile ambacho watu wanaita ua si ua. Ni majani matatu yaliyojipaka rangi, na ua lenyewe ni kijiua cheupe kilichojificha katikati. Hilo nalo lilimkera kidogo. Alisema ni kama mtu anayevaa suti juu ya fulana chafu.

Miiba ilifanya kazi. Mlevi wa kwanza aliyejaribu alipiga ukunga uliomtoa kinyozi nje. Habari zikaenea vilabuni, na wanaume wakahamia kwingine na vibofu vyao. Mvua zikaosha uchochoro, tope likakauka, inzi wakakonda. Mashuka yakaanza kunuka jua. Jioni Bwana Afya alikaa kibarazani na mkewe, wakitazama ukuta wao ulivyowaka waridi, na akasema, "Mke wangu, mimi nimefunga hoteli nyingi, lakini kazi kama hii sijawahi kuifanya." Mama Bluu akajiona kama kapewa nishani.

Halafu harufu ikarudi.

Haikurudi ukuta mzima. Ilikuwa mahali pamoja tu, pembeni, pale ukuta unapokutana na geti, penye nguzo ya umeme. Alipokwenda kuangalia alikuta matawi ya pale yamesogezwa na kufungwa upande, vizuri kabisa, na miiba yake imekatwa mmoja mmoja kwa mkasi. Mtu alikuwa amejitengenezea mlango. Mama Bluu alisisimka mwili mzima. Mlevi anayekojoa ovyo, huyo alikuwa amemzoea. Lakini huyu alikuwa amekaa, amefikiri, amekuja na mkasi. Ni uchafu uliopangwa.

"Nitamjua," alimwambia mumewe wakati wa chakula. "Na siku nikimjua atahama mji."

"Watu hawana haya siku hizi," Bwana Afya akasema, na akamega mkate.

Ikapita kama wiki. Alasiri moja, msimu wa maua umekwisha na mmea umetoa vitawi virefu ovyo, Mama Bluu alipanda juu ya kreti kuupogoa kwa ndani. Chini yake, karibu na karo, kulikuwa na ndoo ya maji alimolowekea nepi za mapacha wa mteja mmoja tangu jana yake. Nepi alikuwa ameshazitoa. Maji yalikuwa na rangi ya uji wa ulezi, na juu yake vinaelea vitu ambavyo havina haja ya kutajwa.

Akasikia. Upande wa pili, palepale kwenye nguzo. Kwanza mtu alihema, halafu matone, yakakatika, yakaanza tena, yakakatika. Alishuka polepole kama paka, akaibeba ndoo, akapanda tena, akaimwaga yote kwa mkupuo mmoja.

"Kunywa na haya!"

Hakuna aliyekimbia wala kutukana. Kisha mtu akakohoa, na kikohozi kile Mama Bluu alikijua. Alikuwa amelala nacho kitanda kimoja tangu ujana wake.

Alichungulia. Bwana Afya alikuwa amesimama ndani ya ule mlango wake wa maua, kofia imeanguka, vifungo vya suruali viko wazi, maji ya nepi yanamchuruzika kwenye masharubu. Kinyozi alikuwa ametoka na mashine mkononi, nyuma yake mteja aliyenyolewa nusu kichwa. Kinyozi, ambaye hakuwahi kukosa neno, alimshika mteja bega, akamgeuza, akarudi naye ndani na kushusha pazia.

Mumewe alipofika nyumbani, Mama Bluu hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alisimama mlangoni akamzuia asiingie.

"Ni wewe."

Bwana Afya akainamisha kichwa.

"Ukuta wangu. Mmea wangu. Nimeshika mavi ya ng'ombe kwa ajili ya ule mmea. Nimetapika mbele ya watu. Na wewe unakaa hapa unanimegea mkate kwa mkono huohuo!"

"Mke wangu..."

"Usiniite. Nenda karoni ukaoge. Usiguse taulo langu."

Mkate uliobaki aliutupa. Sahani alizozitumia mumewe alizichemsha, halafu akaona bado, akazitupa pia. Kila alipokumbuka kikombe alichompokea, kitasa alichokishika, alikwenda kunawa upya. Alihamishia godoro kwenye kichumba cha pasi na kufunga mlango kwa ndani. Kwa siku kadhaa alimwekea chakula juu ya ngazi kama anayemlisha mbwa wa jirani, akaondoka kabla hajaja kukichukua.

Pipa la bogenvilia alilipita bila kuligeukia. Kuugusa tu ule udongo kungemrudishia kila kitu.

Asubuhi moja alitoka mapema kuliko kawaida akamkuta mumewe amechuchumaa karoni, anasugua suruali. Alikuwa hajui kufua. Alisugua kama anayekuna nazi. Pembeni yake kulikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko suruali nyingine, na nyingine. Mama Bluu akakumbuka kwamba tangu mwaka jana mzee huyu alikuwa amemkataza asimfulie. "Usijichoshe, unafua za watu kutwa." Na yeye alidhani ni mapenzi.

"Lete."

"Niache nimalize."

"Lete nimesema, utaitoboa."

Aliinyanyua ile suruali kwa ncha za vidole, akaigeuza ndani nje kwenye mwanga. Kila doa lina namna yake ya kukauka, na huyu alikuwa ameyasoma madoa ya watu tangu hajaolewa. Alilitazama lile la mbele, akalitazama tena.

"Huu si mkojo peke yake," akasema. "Hii ni damu."

Bwana Afya akaketi kwenye ukingo wa karo. Alionekana mzee ghafla.

"Inakuja bila kubisha hodi," akasema. "Nikitoka kucheza drafti na wazee wenzangu, nikifika kwenye nguzo, basi. Nikisema nivuke ua mpaka nyuma, mara nyingi nakuta kuna mpangaji ndani. Nikisubiri, inashuka yenyewe. Na nikijikaza kuitoa, haitoki. Inatoka kidogo, inauma kama nakojoa pilipili."

"Tangu lini?"

"Zamani."

"Na hukuniambia? Mimi mkeo?"

"Ningekwambiaje?" Alimwangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ndoo. "Nikipenga kamasi unahama chumba. Nilipougua tumbo, ulinisemesha kutoka dirishani. Nimeingia majiko ya watu maisha yangu yote, sijaogopa mtu. Wewe nilikuogopa."

Mama Bluu alitaka kusema si kweli, lakini mkononi alikuwa bado ameishika suruali kwa vidole viwili, mbali na mwili wake, na wote wawili walikuwa wanaiona.

Walikwenda hospitali siku hiyohiyo. Daktari alisema ni tezi dume, limevimba na kubana njia, na kwamba walichelewa lakini hawakuchelewa kabisa. Kabla ya upasuaji ilibidi awekewe mpira na mfuko wa kukusanya mkojo, akae nao nyumbani hadi zamu yake ifike. Muuguzi akauliza nani atakuwa anaumwaga.

Mpangaji mmoja alikuwa amejitolea. Mama Bluu akamkatalia.

"Nisikudanganye, nakuonea kinyaa," alimwambia mumewe walipofika nyumbani. "Nakiona mpaka kwenye meno. Lakini huo mfuko hataushika mtu mwingine."

Na haikuwa rahisi, asije mtu akadhani kwamba mapenzi yalimponya. Kila asubuhi na kila jioni alifungua kile kizibo, mkojo wa moto wenye rangi ya chai ukamiminika kwenye beseni, na kila mara alitema mate nje ya dirisha. Alisema "tobaa." Aliosha beseni, akaosha mikono, akaosha sabuni yenyewe. Siku moja mfuko ulivuja ukamrukia kifuani, akatoka nje akakaa juu ya kreti analia kwa hasira, halafu akarudi akamalizia. Bwana Afya alilala macho darini, hadi alipojifunza kumchekesha.

"Ungekuwa mkaguzi ungenifunga," alisema.

"Ningekufunga na ufunguo ningeutupa."

Wakati huo wote bogenvilia haikupata maji, wala mbolea, wala mkono wa mtu. Na kwa sababu hiyohiyo ikachanua kama imepandwa kichaa. Jani la kijani halikuonekana. Wasichana walikuja kupigia picha chini yake, bibi harusi mmoja akaletwa na gauni lake refu, akasimamishwa palepale kwenye nguzo, na kinyozi akakaa kibandani mwake ameuma ulimi hadi machozi yakamtoka. Watu walimsifia Mama Bluu njiani. Aliitikia kwa kichwa, akaongeza mwendo. Waridi ile ilimkumbusha maji ya nepi.

Upasuaji ulikwenda salama. Bwana Afya alipoanza kutembea vizuri, jambo la kwanza alilotaka ni kujenga choo kingine pale pembeni, karibu na geti. Ilibidi upande ule wote wa mmea ukatwe. Mama Bluu aliukata mwenyewe kwa shoka la kuni, na miiba ilimchana mikono hadi damu. Shina na upande wa pili aliuacha. Baada ya wiki mbili tatu alijikuta ameshika tena kitambaa cha maji ya sabuni, anafuta vidukari, analaani.

Choo kikamalizika. Kilikuwa kidogo, cheupe, na mlango wake ulifunguka kwa ndani ya geti. Mama Bluu alidhani ni cha mumewe. Lakini haikuchukua muda, wale wazee wa drafti wakaanza kuja kumjulia hali. Mmoja baada ya mwingine, wenye kanzu, wenye suti, fundi saa, mwalimu mstaafu. "Hodi, tumekuja kumwona mgonjwa." Mgonjwa alikuwa ameshapona, anakula kuliko kila mtu. Walisalimia haraka haraka, macho yako pembeni, halafu: "Samahani shemeji, naona pale pana..."

"Pita," Mama Bluu alisema.

Walikaa mle ndani muda mrefu. Alisikia wakihema, alisikia matone yakikatika na kuanza tena, na alijua sasa ni nini. Alipokwisha kuhesabu nyuso zao moyoni, alielewa pia ni akina nani waliomwandamia ukuta miaka yote ile. Si walevi tu.

Jioni aliingia na brashi na ndoo ya dawa. Walikuwa wamelowesha kila mahali, sakafu, ukuta, hata kitasa.

"Wazee wazima!" alipiga kelele hadi kibarazani. "Bwana Afya, rafiki zako hawana shabaha!"

"Wewe waambie," mumewe akajibu.

"Nitawaambia waende hospitali, hilo ndilo nitakalowaambia. Wote. Kwa foleni." Akafunga khanga puani, akapiga magoti, akaanza kusugua.